Shokapu ya Daktari wa Ng'ombe

Daktari wa Ng'ombe hakupiga honi. Honi ya pikipiki yake ilikufa kabla mimi sijaanza darasa la kwanza, na badala ya kuifufua akaamua kutukana. Wala hayakuwa matusi ya walevi wa mnadani. Ya mama huyu yalikuwa ya kitaalamu. Ukizubaa barabarani pale Mogitu ulisikia kwa nyuma, "Pisha wewe minyoo ya ini!", ukaruka mtaroni bila kugeuka. Katekista wetu aliwahi kuitwa kupe aliyeshiba. Alipotoka mtaroni na Biblia yake imelowa, akatangaza kwamba amemsamehe. Daktari akamwambia hakumbuki kuomba.

Tulipakana naye ua kwa ua, mimi na mama yangu upande huu, yeye na mbwa wake upande ule, kwa hiyo nilimsalimia kila asubuhi ya maisha yangu ya shule, na kila asubuhi nilijuta. Ukimwambia "Shikamoo Daktari," hakuitikia hapo hapo. Alikutazama kwanza macho, halafu ufizi, kama mtu anayetaka kununua lakini hapendi bei. Ndipo akasema, "Marahaba. Damu yako nyepesi hiyo. Kula majani." Mama alikuwa anamwamini kuliko zahanati. Nimekula majani ya maboga mpaka nikaogopa kwamba siku moja nitaanza kucheua.

Yaani kwake sisi sote tulikuwa mifugo, ila ya daraja la chini kidogo. Kwenye harusi ya binamu yangu alimkagua bwana harusi kuanzia chini kwenda juu, watu wakiwa kimya wanasubiri hotuba, kisha akasema kwenye kipaza sauti kwamba huyu atadumu, kwato zake ni nzuri. Hotuba ikaishia hapo. Mpaka leo shemeji yangu akivaa viatu vipya watu wanamwangalia miguu.

Halafu alikuwa mnafiki, na nasema hivyo kwa upendo. Alihubiri kila mahali kwamba mbwa ni mnyama asiye na soko na mwenye kulala naye ndani ni mjinga. Mbwa wake mwenyewe alilala kitandani, amefunikwa koti la mvua la serikali. Nilimwona dirishani. Nilipomuuliza akasema mbwa alikuwa anatibiwa. Alitibiwa miaka sita. Alifundisha pia kwamba maziwa mabichi ni kaburi lenye povu, wakati kule Hirbadaw kwa wafugaji alikuwa akipewa kibuyu anakigida mpaka mwisho na kujifuta mdomo kwa mkono. Nilimkumbusha hilo nikidhani nimemshika. Akaniambia, "Kule mimi ni mgeni kwanza, daktari baadaye. Ukikataa maziwa ya mtu, hata ng'ombe wake hutamgusa." Akirudi nyumbani alikunywa dawa za kutosha kuua mamba.

Nyonga yake ya kushoto ilivunjwa na teke la fahali. Hakumlaumu fahali. Alisema fahali alikuwa na haki, sindano ilikuwa butu. Lakini toka siku ile mguu ule haukuweza kushikilia pikipiki ya kawaida isianguke, na kupakiwa nyuma ya bodaboda alikataa katakata. Alisema yeye si gunia la vitunguu. Alichokuwa nacho ni kile chombo walichokiacha wazungu wa mradi fulani uliokwisha: pikipiki ya miguu minne, matairi manene kama matikiti, kiti kipana, mbele na nyuma chuma cha kufungia mizigo. Sisi watoto tuliiita Ng'ombe wa Daktari. Juu yake nyonga haikumwuma, mguu haukubeba kitu, na deli la barafu lenye chanjo lilikaa mbele yake kama mtoto mchanga. Bila ile pikipiki alikuwa mama mmoja mwenye fimbo. Juu yake alifika hadi vichakani ambako gari la wilayani liliishia kunusa tope na kugeuza.

Alijua vizuri kitakachompata ikifa. Bosi wake wa wilayani alikwisha kumwandalia meza ofisini, karibu na dirisha, akaiita heshima kwa umri wake. Daktari aliogopa ile meza kuliko kifaru. Alikuwa na msemo wake, alioutoa hata misibani: "Watumishi wa serikali hawafi kwa presha. Kiti ndicho kinachowaua. Kinaanza na makalio, kinamalizia moyo."

Sasa basi, shokapu ya nyuma ikafa.

Zile pikipiki zina shokapu moja tu nyuma, imesimama katikati, na hiyo ndiyo inayobeba kila kitu: deli, begi, mbwa na mama mwenye mwili wake. Ilivuja mafuta mpaka ikakauka, kisha springi ikakatika. Kila kishimo kikawa kinamfikia nyongani moja kwa moja. Akawa anaendesha amesimama, na matusi yakaongezeka ubora. Shokapu ya aina ile haikuwepo Katesh, haikuwepo Babati, na aliyeulizwa Arusha alicheka akakata simu. Bosi aliposikia akasema kwa lugha ya ofisini: chanjo ya homa ya mapafu ya ng'ombe inakuja, Daktari aimalize Hirbadaw kwa chombo hicho, asipoweza, chombo kiende yadi na yeye aje mezani.

Pale senta tulikuwa na Fundi, kijana wa pikipiki mwenye mdomo mrefu kuliko spana zake. Akasema si lazima shokapu iwe ya aina ile ile. Ipo mitumba ya pikipiki nyingine, kubwa, za barabarani, unatafuta yenye urefu unaokaribiana, unachonga bushi, kile kipete cha kwenye tundu, ili bolti ienee, unachomelea kipande hapa, maisha yanaendelea. Alichohitaji ni kipimo.

Hapo ndipo nilipoingizwa. Daktari alinitoa nyumbani nikiwa na sahani mkononi, akanipandisha kwenye chuma cha nyuma. Mbele akaweka deli limejaa maji. Yeye mwenyewe akakaa kitini, akainama, akachukua kamba yake ya kupimia vifua vya ng'ombe na kuanza kupima ile shokapu mfu pale pale ilipo, imebonyea chini yetu kama mkate uliokaliwa.

Fundi akamwambia, "Daktari, hiyo hupimwa ikiwa haina mzigo."

"Wewe umeshawahi kupima ng'ombe ananing'inia?"

"Hapana."

"Basi nyamaza. Mnyama hupimwa amesimama kwa miguu yake yote, mahali tambarare, na ameshiba."

Mimi ndiye niliyekuwa shibe yenyewe. Nikaendelea kula.

Shokapu ikaletwa kutoka Babati na kondakta wa basi, imefungwa gazeti, nyekundu, nzuri hata ukaitamani. Ilitokana na pikipiki ambayo hakuna aliyejua jina lake. Fundi akachonga bushi, akagonga, akakaza. Tulipoishusha ile pikipiki chini, nyuma ikachuchumaa. Mbele ilikuwa juu, mabega yameinuka, makalio yanakaribia kuburuza. Sote tuliona inafanana na nini, ila hakuna aliyethubutu kulitaja jina. Daktari akasema iko sawa kabisa, inapumzika tu. Akapanda akaelekea Hirbadaw kuwatangazia wafugaji siku ya chanjo.

Yaliyotokea kule aliyaleta mbwa. Nina maana mbwa alirudi kwanza, peke yake, kwa miguu, kwa aibu. Daktari akafuata jioni, na siku hiyo hakuna aliyetukanwa njia nzima. Nilimfuata uani nikamchokoza mpaka akasema. Alipotokea tu uwandani, ng'ombe waliokuwa wanakunywa maji walitawanyika. Watoto wakakimbilia ndani. Yule mzee mwenye zizi kubwa, ambaye siku zote humpokea kwa kibuyu, alisimama mbali na fimbo yake akamwuliza, "Daktari, leo umepanda nini?" Na alikuwa na sababu. Huku kwetu kila mtu ameshasikia kwamba mchawi akitaka kusafiri hahitaji bodaboda, hupanda fisi. Na ile pikipiki ilikuwa fisi mtupu: mbele juu, nyuma chini, na injini inacheka. Mzee alimwambia kwa heshima zote kwamba yeye hamtuhumu mtu. Ila ng'ombe wake hawatasimama mbele ya mnyama wa namna hiyo, na wa majirani wake pia, maana wote hutazama zizi lake kwanza.

Hakupewa maziwa.

Hilo ndilo lililomuuma. Mambo ya bosi aliyataja baadaye, kama mtu anayekumbuka mwavuli. Alikaa kwenye ngazi ya mlango wake, mbwa akiwa amelaza kichwa juu ya kiatu chake, akasema miaka yote hiyo hajawahi kuondoka pale na koo kavu.  

Fundi alipopewa habari alicheka kwa heshima, yaani aligeuka ukutani kwanza. Kisha akavimba kichwa. Akasema sasa kazi itafanywa kifundi. Akaitoa ile shokapu nyekundu, akafunga kamba nyuma ya pikipiki, akaivuta juu hadi boriti ya banda lake. Matairi ya nyuma yakaning'inia hewani kama miguu ya mbuzi buchani. Pale palipo wazi kati ya tundu la juu na tundu la chini, ndipo akapima. Daktari alitazama akasema amewahi kuona ng'ombe wakipimwa hivyo, lakini wote walikuwa wameshachunwa.

Shokapu ya pili ikaja, nyeusi, ndefu, ya pikipiki nyingine tena. Ikakataa kuingia. Fundi akakata kipande cha chuma kilichokuwa kinaizuia, akachomelea kingine, akaisukuma kwa goti na kwa jina la Bwana. Tulipolegeza kamba, pikipiki ikashuka kwa mbele tu. Nyuma ilibaki juu. Yaani juu kweli. Ukikaa kitini unateleza mpaka tanki. Mnyororo uligonga chuma cha chini, taa ya mbele ilimulika vidole vyako vya miguu. Basi mmoja alikosea kwa kumpima mnyama ameshiba, mwingine kwa kumpima ananing'inia, na wote wawili walisimama pale wamekunja mikono, kila mmoja akingoja mwenzake aone haya kwanza. Chanjo ilikuwa kesho yake.

"Inahitaji uzito nyuma," Fundi akasema mwishowe.

Wote wakanigeukia.

Ilikuwa likizo, kwa hiyo hata shule haikuweza kuniokoa. Tuliondoka alfajiri. Daktari amekaza mikono asije akaruka usukani, deli likiwa limefungwa nyuma safari hii, mimi nimelikumbatia, na mbwa ameamua kukimbia pembeni kwa sababu ana akili. Mlima Hanang ulikuwa umevaa wingu lake kichwani. Baridi ilinipitia kila mahali isipokuwa tumboni, ambako deli lilikuwa na baridi yake. Kila tukipanda tuta nilirushwa juu, na kila nilipotua Daktari aliuliza, "Barafu ipo?" Hakuuliza kama mimi nipo. Jua likipanda barafu inayeyuka, barafu ikiyeyuka chanjo inakufa, na wale ng'ombe wasipoletwa mapema ni bure hata tukifika. Njiani alianza kutukana mawe. Nikafurahi, nikajua amepona.

Tulipofika, zizi la mzee lilikuwa limefungwa. Ng'ombe wote wamo ndani. Majirani wamesimama na mifugo yao mbali, wanatazama. Mzee akatoka, shuka begani, fimbo mkononi. Daktari akazima injini. Kushuka ilikuwa kazi, maana kiti kilikuwa kimemsukuma mbele kama anayemwagwa. Mimi nilishuka kwa kuanguka. Nikasema shikamoo nikiwa chini.

Mzee aliitikia, kisha akaizunguka ile pikipiki. Aliikagua kama Daktari anavyokagua watu. Aliinama mbele akatazama taa iliyopiga magoti. Akaenda nyuma, akaiwekea kiganja pale juu na kukandamiza, ikabonyea, ikapanda tena. Akakandamiza tena. Daktari alikuwa amesimama na fimbo yake.

"Siku ile ilikuwa imekaa," mzee akasema. "Leo inainuka."

Kila aliyechunga hata mbuzi wa jirani anajua. Farasi na punda huanza na miguu ya mbele. Ng'ombe huanza na ya nyuma: makalio juu kwanza, magoti yakiwa bado chini, kichwa kimeinama, halafu ndio anasimama. Na anayeinuka hivyo ni mzima. Aliyeshindwa kuinua nyuma ndiye wa kuitiwa daktari. Mzee akacheka kidogo kwa pua, akamwita mtu afungue zizi. Majirani walipoona miti ya mlango ikivutwa, wakaanza kuswaga ng'ombe wao bila kuitwa.

Sitasimulia chanjo. Ni sindano, mavi na vumbi, na mimi nikifungua deli na kufunga. Nitasema tu kwamba barafu ilidumu kuliko ng'ombe, na kwamba kibuyu kilikuja kabla ya sindano ya kwanza. Daktari alikigida chote. Sikumkumbusha kaburi lenye povu.

Bosi alifika mchana, gari likiwa na tope mpaka kwenye vioo. Alitaka kuona kazi, akaiona, akakosa cha kusema, na watu wa namna hiyo wakikosa cha kusema hutafuta. Akaiona pikipiki. Akasema kwa huruma, "Mama, hiki chombo si kimeharibika kabisa? Tukipumzishe tu."

Daktari alifungua mdomo, na najua tusi lililokuwa linakuja, lilihusu utumbo. Mzee akamtangulia.

"Haijaharibika. Inaamka," akasema. Halafu akamgeukia bosi mwenyewe, akamtazama tumbo. "Wewe mwaka jana hatukukuona huku. Yeye tulimwona."

Bosi akanywa soda yake ya moto akaondoka. Meza ya dirishani akapewa mwingine, kijana tu, na nasikia ameshanenepa.

Baadaye Fundi alichomelea kipande chenye matundu kadhaa, shokapu ikashushwa taratibu tundu kwa tundu mpaka pikipiki ikasimama kama mnyama wa kawaida. Yeye na Daktari walibishana kila tundu, na kila mmoja akawaambia watu kwamba kipimo cha mwisho kilikuwa chake. Miaka yake iliyobaki kazini Daktari aliimaliza juu ya pikipiki ile, akitukana Mogitu hadi Hirbadaw na kurudi.

Kisha akastaafu, akahamia Maretadu kwenye shamba lake la mahindi na maharage, na uani kwetu pakawa na ukimya mbaya. Hakuna wa kuniambia damu yangu. Pikipiki ilipelekwa yadi ya wilaya wiki ile ile. Nilipita pale na wenzangu kwenye mashindano ya shule, nikachungulia kwenye uzio. Majani yalikuwa yameota kwenye usukani. Nyuma ilikuwa imelala chini kabisa, tumbo kwenye udongo. Mlinzi alisema iliingia vile vile, haina shokapu, wezi hawana haya siku hizi. Nikasema kweli, dunia imeharibika.

Juzi likizoni mama alinituma Maretadu kuchukua mbegu za maharage. Nilimkuta Daktari barazani, sahani ya makande mapajani. Amepungua. Mbwa hayupo tena, koti la mvua lipo, limetundikwa msumarini peke yake. Fimbo ziko mbili. Nikasema shikamoo, akanitazama macho, akanitazama ufizi, akachukua muda mrefu kuliko zamani. "Marahaba. Umenona." Kwake hilo ni shairi.

Tuliongea. Akauliza habari za Fundi. Nikasema ana banda kubwa sasa. Akasema anajua, alikuja kumfanyia kazi ndogo. Hapo ndipo nilipotazama kiti alichokalia. Kilikuwa cha mbao, kipana, ubao wake wa kukalia umefungwa bawaba kwa mbele. Na chini, kwa nyuma, imebonyea chini ya mwenye mali, ilikuwa shokapu. Nyeusi. Ndefu. Pamoja na kile kipande chenye matundu.

"Umeona nini?" akaniuliza.

"Sijaona kitu, Daktari."

"Vizuri. Damu yako imekomaa."

Nilitaka kumkumbusha habari ya viti na watumishi wa serikali. Nilikuwa nimeshapanga maneno. Lakini mama mmoja wa jirani akaingia anahema, akasalimia haraka, akasema ng'ombe wake amezaa tangu asubuhi na hainuki. Alijaribu kumvuta kichwa, hainuki.

"Nani alikwambia uvute kichwa?" Daktari akafoka. "Ukivutwa kichwa wewe unainuka?"

Akanipa sahani. Akaweka viganja magotini, akaegemea mbele, na springi ikalia ile sauti yake ninayoijua mbavuni mwangu. Ubao ukapanda. Makalio ya Daktari wa Ng'ombe yakaenda juu kwanza, polepole, kichwa kikiwa bado chini, mgongo umeinama, magoti bado yamekunjwa. Akabaki hapo kidogo. Mimi na yule mama tulitazamana tukatazama pembeni. Kisha mabega, kisha kichwa, akasimama.

"Nipe fimbo," akasema. "Ucheke baadaye."

Nilimpa fimbo, nikacheka hapo hapo. Akaniita minyoo ya ini, akatangulia shambani, na sisi nyuma yake. Barazani kiti kilibaki kinanesa chenyewe, kimeinua nyuma.